Gauni moja msumarini, wageni kumi: hospitali zetu Nairobi zinamkinga nani?

Jameni wadau, huu upuzi umezidi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, pitia wodi za hospitali za jiji hili, za umma na za binafsi, utazame mlango wa chumba cha mgonjwa aliyetengwa. Mara nyingi utakuta msumari, na msumarini gauni moja la kitambaa. Mgeni wa kwanza analivaa, anamgeuza mgonjwa, anamfuta jasho, anatoka, analitundika. Wa pili analitwaa lile lile. Wa tatu vivyo hivyo. Jioni likiwa limelowa makwapani bado liko kazini.

Aliyeanzisha mtindo huu hajui gauni ni la nini. Gauni likishaingia chumbani, upande wa nje unahesabiwa mchafu na wa ndani safi. Basi. Hakuna siri nyingine. Sasa mtu akilivua kwa kulivuta kutoka mabegani, linapinduka, wa ndani unakuwa nje. Anayefuata hajui lilivyovuliwa, analivaa vyovyote, na uchafu wote wa aliyetangulia unamkaa kifuani, juu ya sweta atakayopanda nayo matatu na kumbebea mtoto nyumbani. Na hapa hatuzungumzii mafua. Ni MRSA na Klebsiella sugu, bakteria zisizosikia antibiotiki za kawaida, ni Candida auris, kuvu ambayo imesharipotiwa katika hospitali za Nairobi na inayoweza kukaa wiki kadhaa kwenye chuma cha kitanda. Heri mgeni asivae gauni kabisa, anawe mikono akiingia na akitoka, asikalie kitanda, kuliko kumvika lile la msumarini.

Halafu glovu. Mgeni ananunua barakoa na glovu kwa wachuuzi wa getini, anazivaa hapo hapo, soja anaridhika. Kwa glovu hizo hizo anashika chuma cha ngazi, kitufe cha lifti, simu, pesa, kisha mkono wa mgonjwa, kisha kifuniko cha themosi ya uji. Anajiona amejikinga! Glovu zinavaliwa mlangoni pa chumba, zinavuliwa kabla ya kutoka chumbani, na mikono inasafishwa baada ya kuzivua, kwa sababu zina vitundu visivyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Mgeni asiyegusa damu, kidonda, nepi wala mkojo kwa kawaida hazihitaji. Anahitaji mikono safi: sanitaiza ya kujaa kiganja, sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe, au maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Mgonjwa akiwa anaharisha kwa Clostridioides difficile, bakteria ya utumbo, ni maji na sabuni tu, pombe haiui mbegu zake. Na ile sanitaiza mnayoiongeza maji ifike mwisho wa wiki, ikishuka chini ya asilimia 60 ya pombe mnapaka watu maji yenye harufu.

Utaratibu wenyewe si wa kusomea chuo. Kuvaa: mikono, gauni, barakoa, miwani ya kukinga macho kama inahitajika, glovu mwisho, zikifunika mkono wa gauni hadi kwenye kifundo. Kuvua: glovu kwanza, miwani, kisha gauni likikunjwa ndani kwa ndani na kutiwa pipani, au kwenye mfuko wa kufulia kama ni la kitambaa. Barakoa ndiyo ya mwisho, kwa kushika kamba tu. Mikono tena. Pipa la manjano, la taka zenye vijidudu, liwe NDANI, karibu na mlango. Likikaa mwisho wa korido, mgeni atatembea na uchafu wodi nzima akilitafuta, na akichoka atautupa kwenye pipa jeusi la maganda ya ndizi.

Kwa wagonjwa wa TB ndiko nachemka zaidi. Mgeni anapewa barakoa ya kawaida ya upasuaji, ile iliyoachana na mashavu, aingie kuketi na mtu anayekohoa. Ile haizibi uso. Ni ya kumvisha mgonjwa, hasa anapotolewa kwenda eksirei, ili makohozi yasiruke. Anayeingia avae N95, barakoa inayobana uso na kuchuja hewa: kamba ya juu kisogoni, ya chini shingoni (si zote mbili shingoni!), chuma cha puani kibanwe kwa vidole vya mikono miwili, kisha apumue kwa nguvu asikie kama hewa inatoroka pembeni. Mwenye ndevu nyingi haimfungi, mwambieni ukweli. Na anaivua akiwa nje, mlango ukishafungwa. Madirisha yawe wazi hata kama Julai kuna baridi. Surua na tetekuwanga pia husafiri hewani: asiyewahi kuugua wala kuchanjwa asiingie, hata awe shangazi aliyetoka Kitale usiku kucha.

Msije kuniambia wageni ni wakaidi. Kibao cha mlangoni kimeandikwa Kiingereza, herufi ndogo, hakuna picha, na sista mmoja ana wodi nzima. Nani amwelekeze huyo mama? Wekeni mtu mmoja mlangoni kwa saa hiyo tu. Gauni zikiwa nne, waingie wageni wanne, mmoja mmoja, na wa tano asubiri gauni lifuliwe. Meza na vyuma vya kitanda vipanguswe kwa klorini ya asilimia 0.5: ile ya dukani ikiwa ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, ichanganywe upya kila siku.

Walio kazini wodini, bila kutaja hospitali: gauni ngapi hushuka kutoka stoo kwa zamu moja, na za wageni ni ngapi?