Acheni kuwasingizia Wagiriki wa kale mambo ya Olimpiki

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Ijumaa. Binti yangu wa darasa la sita alirudi na karatasi ya chemsha bongo ya michezo, na kwenye swali la mbio za kupokezana mwenge wa Olimpiki zilianzia wapi, aliandika "Berlin, 1936". Akapigwa kosa. Kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni mwalimu ameandika: "Ugiriki ya kale".

Mtoto yuko sahihi. Mbio za mienge zilikuwepo Athens katika sherehe zao za dini, lakini hazikuwa sehemu ya michezo ya Olympia, mahali pale Ugiriki Olimpiki ya kale ilipofanyika. Msafara wa kuuwasha moto Olympia na kuupokezana hadi mji mwenyeji ulibuniwa na waandaaji wa Kijerumani wakati wa utawala wa Hitler, na wakimbiaji zaidi ya 3,000 ndio walioufikisha Berlin. Marathoni nayo husemwa ni ya kale, ilhali Wagiriki wa Olympia hawakuwahi kuikimbia. Ilianza na Olimpiki ya 1896.

Hayo ningeyavumilia. Nisilolivumilia ni lile linalorudiwa na watangazaji kila baada ya miaka minne, kwamba wanamichezo wa kale walishindania taji la majani ya mzeituni tu na fedha hawakuijua. Taji lilikuwa la mzeituni kweli, lakini mshindi alipofika kwao alikuta malipo yakimngoja: huko Athens, sheria inayohusishwa na Solon, mtunga sheria wa mji huo, ilimpa drakma (sarafu yao ya fedha) 500, na baadaye washindi wakawa wanalishwa kwa gharama ya mji. Rushwa pia waliijua. Mwaka 388 K.K. bondia Eupolos wa Thessaly aliwahonga wapinzani wake watatu, na kwa faini walizotozwa zikasimamishwa sanamu sita za shaba za Zeus, mungu wao mkuu, kwenye njia ya kuingilia uwanjani, ili kila aendaye kushindana azipite akiziona.

Usafi huo wa kubuni, wa mwanamichezo asiyegusa fedha, ndio uliotumika kumwadhibu Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya Wahindi Wekundu aliyenyakua dhahabu mbili Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata alinyang'anywa zote mbili kwa sababu aliwahi kulipwa ujira mdogo kwa kucheza besiboli. Alifariki 1953, kutambuliwa tena kuwa mshindi pekee wa mashindano yale kulikuja mwaka 2022. Huko Olympia ya kale, nani angemuuliza habari ya ujira?

Na lililo jema katika michezo ya leo mbona hatulisemi kuwa ni la leo? Olympia haikuwa na mshindi wa pili. Mashairi ya zama hizo yanawaeleza walioshindwa wakirudi kwao kwa kupenya vichochoroni, wakiwakwepa maadui. Medali za fedha za Watanzania wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980 zisingekuwepo, na John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 wa mwisho huku goti limefungwa bendeji, asingepigiwa makofi na mtu.

Jumatatu asubuhi naenda shuleni na karatasi ile ile yenye tundu. Sina haja ya kumwaibisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Nataka alama ya mwanangu irudishwe, na jibu lisahihishwe ubaoni darasa zima likisikia.