Carter alinyang'anywa kikosi chake mchana kweupe, na bado inaniuma

Wakuu, nimemaliza kuirudia tamthilia ya Stargate SG-1 yote, ile ya kikosi cha jeshi la Marekani, SG-1, kinachopita lango la nyota kwenda sayari nyingine, sizoni 10, episodi 214, na hasira niliyokuwa nayo zamani imerudi vilevile. Sikuja kubishana kama sizoni ya 9 ni nzuri au mbaya. Nimekuja na jambo moja tu: Cameron Mitchell kuletwa kutoka nje na kukabidhiwa SG-1, wakati Samantha Carter yupo na ndiye aliyekuwa kiongozi.

Turudi nyuma kidogo kwa waliosahau. Sizoni ya 7 inaisha O'Neill, kiongozi wa kwanza wa SG-1, ameganda kwenye barafu kule Antaktika. Sizoni ya 8 anaokolewa, anakuwa brigedia jenerali, anakalia kiti cha Jenerali Hammond na kuongoza kambi nzima. Kikosi anampa nani? Carter! Anapanda kutoka meja hadi luteni kanali na SG-1 inakuwa yake. Mimi nilipiga meza siku ile. Huyu ni mwanamke ambaye kwenye episodi ya kwanza kabisa, 1997, watu walisikia jina Sam wakajua anakuja mwanamume, ikabidi aingie kwenye chumba cha kikao akiwa tayari anajitetea. Miaka 7 baadaye kikosi ni chake, na wala hakupewa kwa huruma.

Ikafika 2005. Richard Dean Anderson, mwigizaji wa O'Neill, ameondoka, Amanda Tapping anayemwigiza Carter yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo Carter anapelekwa Area 51, kambi ya siri ya jeshi, kwenye utafiti na episodi 5 za mwanzo hayupo kikosini. Hapo sina neno, mama amejifungua, apumzike. Pengo lipo, lazima lizibwe, analetwa Ben Browder kutoka tamthilia ya Farscape amwigize Mitchell. Sawa. Lakini episodi ya 6 Carter anarudi! Anarudi akiwa luteni kanali, Mitchell naye luteni kanali, cheo kimoja, na kikosi kinabaki kwa Mitchell. Mtu karudi kazini kutoka kujifungua, amekuta kiti chake kimekaliwa na mgeni, na hakuna hata mmoja pale mezani anayeuliza. Mnajua ni wanawake wangapi wanaijua hadithi hii bila kuwahi kuona lango la nyota?

Na kinachoniudhi zaidi, Mitchell mwenyewe hakuomba kuongoza! Alirusha ndege ya kivita F-302 kuilinda SG-1 juu ya Antaktika, akatunguliwa, akaumia vibaya, akaahidiwa apewe kituo chochote atakachotaka. Akasema anataka kujiunga na SG-1. Kujiunga. Anafika kambini anakuta wanakikosi wametawanyika: Teal'c yuko kwa Wajaffa wenzake, watu wa kabila lake, Daniel anafungasha kwenda mji wa Atlantis, Carter hayupo, na Jenerali Landry, mkuu mpya wa kambi, anamwambia kikosi ni chako. Anabaki kuwabembeleza wenzake warudi mmoja mmoja. Kwa hiyo waandishi walikuwa na njia nyeupe kabisa: akishike kikosi mpaka Carter arudi, amkabidhi, awe msaidizi wake. Mgeni aliyewahi kuwa kiongozi, sasa anajifunza chini ya mtu anayemheshimu, hiyo hadithi ningeitazama hata mara tatu.

Ujasiri wa Mitchell siku ile siubezi. Ila Carter alilipua jua, jamani. Sizoni ya 4, alifungua lango kuelekea sayari iliyo karibu na shimo jeusi, akalitupa ndani ya jua na kulifutilia mbali jeshi la adui yao Apophis. Nani mwingine ana hiyo kwenye faili lake?

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akavuliwa cheo.

Msiniambie nachukia wahusika wapya. Jonas Quinn nilimpenda. Aliingia na aibu mabegani, watu wake wamemsingizia Daniel, yeye akajua ukweli na kuamua kuikimbia nchi yake aliyozaliwa kwenye sayari nyingine. Sizoni ya 6 O'Neill hamtaki, anamkwepa, na Jonas anahangaika kusoma kila kitu ili astahili nafasi ya Daniel. Vala naye alianza kama mwizi wa meli kwenye episodi moja ya sizoni ya 8, watu wakamzoea kidogo kidogo, mpaka sizoni ya 10 ndipo akawa wa kudumu. Kwa hao hakuna aliyevuliwa nguo ili wavikwe wao.

Angalieni hata majina ya waigizaji yanayotokea mwanzoni mwa episodi za sizoni ya 9. La Ben Browder ndilo la kwanza. Amanda Tapping, miaka 8 ndani ya nyumba, anafuata.

Halafu 2007 SG-1 imekwisha, watayarishaji walewale, kwenye tamthilia dada ya Stargate Atlantis, wanampa Carter ukanali kamili na Atlantis nzima aiongoze. Mji mzima, galaksi nyingine! Kumbe uwezo wake walikuwa wanaujua. Na huko nako akakaa sizoni moja tu, mhusika mwingine, Woolsey, akapewa.

Sasa anayetetea uamuzi ule aje anitajie sababu moja, iliyo ndani ya hadithi, ya Mitchell kumwongoza Carter baada ya episodi ya 6. Habari za mkataba wa Browder na umaarufu wa Farscape msiniletee, hizo nazijua.