Mada: Wao wananisikia, mimi siwasikii

Mpangaji:
Ndugu zangu, salaam. Nilikuwa na mahojiano ya simu na ofisi moja kuhusu kibali. Simu yangu ni ya intaneti, ATA (kidude cha kuunganisha simu ya kawaida na intaneti) imechomekwa nyuma ya ruta. Ikaita, nikapokea, kimya. Nikabaki "haloo, haloo" hadi ikakatwa. Leo barua imefika: "Mwombaji alipokea simu ila hakujibu maswali." Faili limefungwa! Sasa nikate rufaa au niombe miadi mipya? Aliyepitia haya anisaidie.

Shangazi:
Pole mwanangu. Hao wakishafunga wamefunga. Yangu ilikuwa inakatika kila baada ya nusu dakika, hujamaliza hata kutaja namba ya faili. Kijana wangu alizima SIP ALG kwenye ruta, ule mpangilio unaochezea ujumbe wa simu za intaneti, ikapona.

Fundi Mstaafu:
Sekunde 32, shangazi, si nusu dakika. Simu iliyopokea inangoja ACK (ujumbe wa kuthibitisha) ya mpigaji, isipofika, inakata.

Ya Mpangaji ni tofauti. SIP, lugha ya kupigiana simu za intaneti, hupita poti (mlango wa mtandao) 5060, kazi yake kuita na kukubaliana tu. Sauti ni RTP, ina poti zake. ATA ikimwambia mwenzake "nitumie sauti 192.168.1.20", hiyo ni anwani ya ndani ya nyumba, huko nje haijulikani. Ndiyo maana yako inawafikia na yao inapotelea njiani. Zima ALG, washa STUN (huijulisha ATA anwani yake ya nje), washa na keepalive (vijumbe vya kuweka njia wazi), maana ruta nyingi husahau njia ya UDP, inayopitisha simu hizi, ikikaa kimya kidogo tu.

Kijana wa Zamu:
Maneno mengi ya nini? Iweke DMZ, ruta iipelekee kila kinachotoka nje, umemaliza.

Fundi Mstaafu:
Usimpoteze mwenzio. Kazini kwetu kuna aliyefanya hivyo, simu zikawa zinaita saa tisa usiku, ukipokea hakuna mtu. Ni programu zinazopekua 5060 mtandaoni kutwa kucha.

Mpangaji:
Nimezima ALG, sasa nasikia. Asanteni. Na ile barua je?

Mama wa Mapacha:
Mimi kuzima ALG hakukunisaidia chochote. Kumbe nilikuwa na ruta mbili, NAT juu ya NAT, yaani kila moja inabadilisha anwani kivyake. Na tazameni anwani ya WAN (ya upande wa nje wa ruta): ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 uko CGNAT (mtoa huduma anawapa wateja wengi anwani moja ya nje), hata ufungue poti zote ni kazi bure.

Shangazi:
Mbona WhatsApp ya mama inapita humo humo? Namsikia mpaka jogoo nyuma yake, machozi yananilenga.

Fundi Mstaafu:
WhatsApp ina seva zake za kupitishia sauti njia ya moja kwa moja ikigoma.

Kijana wa Zamu:
Subirini uchaguzi, waheshimiwa wazime intaneti, tuzione hizo seva.

Mama wa Mapacha:
Siasa peleka kwingine. Fundi, sauti yangu hukwaruza watoto wakipandisha video. Ninunue kifurushi kikubwa zaidi?

Fundi Mstaafu:
Usitupe hela. G.711, mfumo wa kusimba sauti ya simu, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, si kitu. Shida ni foleni ya kupandisha. Weka QoS simu itangulie, na kikomo cha kupandisha kiwe chini kidogo ya kasi halisi, la sivyo foleni inahamia kwenye modemu na QoS yako inabaki pambo. Achana na Wi-Fi pia, vuta waya.

Shangazi:
Waya upite wapi, na mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani?