Wiki 6 Ujerumani na Uholanzi mwezi Novemba, begi la kilo 7 tu: nipunguze wapi?

mtembezi_tmk: Habari wakuu. Naondoka Dar mwanzoni mwa Novemba, Berlin kwanza kisha Uholanzi. Tiketi yangu hairuhusu mzigo wa chini, ni begi la mkononi la kilo 7. Koti, sweta mbili na laptop vimeshafika kilo 5. Nipunguze wapi?

fundi_begi: Mkuu, anza na begi lenyewe. La magurudumu likiwa tupu lina kilo 2.5 hadi 3, yaani umebaki na kilo 4 kabla hujaweka hata soksi. Tafuta la mgongoni la lita 35 hivi, lisilozidi kilo 1.

Baridi ya huko haihitaji koti zito. Kinachotunza joto ni hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo. Chukua fulana 2 za ndani za sufu nyepesi, mikono mirefu, sweta 1, na jaketi jepesi lisilopitisha mvua wala upepo. Suruali 2, chupi 4, soksi jozi 4. Jinzi iache, ikiloa huko inaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Kiatu ni kimoja, nacho unakivaa. Jaketi pia livae hata kama Dar kuna joto, na chaja iingie mfukoni.

mama_kanga: Taulo usibebe mwanangu, beba kanga. Ila ifue mara mbili tatu kabla ya safari, maana mpya ina wanga, hainywi maji, inayasambaza tu mwilini.

Hiyo hiyo ndiyo itakukaushia nguo. Ukishafua fulana ya sufu usiisokote, itavutika ipoteze umbo. Iminye kidogo, itandaze juu ya kanga, vikunje pamoja kama mkeka, halafu kandamiza kwa magoti kutoka ncha hii hadi ile. Ukikunjua utakuta kanga imelowa chapachapa na fulana ina unyevu tu. Itundike kwenye hanga karibu na kipasha joto, isikiguse. Kwa kufua hivi kila baada ya siku mbili, zile nguo chache zinatosha wiki zote 6.

mtembezi_tmk: Shikamoo mama, nimeelewa. Na vipodozi, je?

abiria_wa_zamu: Sabuni iwe ya kipande, haihesabiwi kama kimiminika. Mafuta ya mgando yanahesabiwa, na siagi ya karanga na asali pia. Kila chombo kisizidi mililita 100, na wanaangalia ukubwa wa chombo: kopo la mililita 250 lililobaki robo linatupwa. Vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani.

Pawabenki ya mAh 20,000 haina shida, ni kama saa-wati 74 (Wh, kipimo cha nishati ya betri) na kikomo cha kawaida ndani ya ndege ni 100. Ila iweke juu kabisa pamoja na dawa na pasipoti. Ndege ikijaa, begi lako linaweza kuchukuliwa mlangoni likapelekwa chini, na pawabenki haitakiwi kukaa huko.

Plagi yetu ya pini tatu haiingii kule, beba adapta 1 ya pini mbili za duara.

Halafu mizigo ya kutumwa: kataa mapema. Nyama na maziwa haviingii Umoja wa Ulaya kutoka kwetu. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea, wakati ndizi, nanasi, nazi na tende havihitaji. Kama lazima ubebe cha mtu, kiwe viungo vikavu, gramu 200 basi, na ukifunge mwenyewe.