Desktop za kuunda zenye macOS: kuziuza hapa Mwanza ni halali?

Fundi_Makoroboi: Wakuu, salaam. Studio moja ya video Kirumba inataka desktop 6 zenye macOS, mfumo endeshi wa Apple, maana wanahariri kwa Final Cut, programu ya video ya Apple. Mashine ninazo: i5 kizazi cha 8, RAM GB 16, SSD GB 512, na OpenCore, programu ya kuwashia macOS kwenye mashine isiyo ya Apple, inakubali. Nikiuza kwa risiti yangu bila kubandika nembo ya tunda popote, kuna kosa? Pia nina mzigo wa ofisi: naweza kupiga Windows kwenye moja kisha nikahamisha diski nzima kwa nyingine?

Nyakahoja_PC: Mkuu, sanduku halina kesi. Kesi iko kwenye programu. Kampuni ya Psystar ya Florida, Marekani, ilianza kuuza mashine kama hizo Aprili 2008, na ilinunua diski halali ya Mac OS X kwa ajili ya kila kompyuta. Haikuisaidia. Kilichokuwa ndani ya mashine hakikutoka kwenye diski ya mteja. Kilitoka kwenye nakala mama moja, iliyowekwa kwanza kwenye Mac mini, ikahamishiwa kompyuta nyingine, ikabadilishwa sehemu ya kuwashia, ndipo ikamwagwa kwenye mashine zote. Jaji Alsup aliipa Apple ushindi Novemba 2009, na rufaa ya 2011 ikagonga mwamba. Wewe unataka kupita njia ileile, tena bila hata diski: macOS ya leo inashushwa bure, lakini leseni yake inairuhusu kwenye mashine za Apple tu.

ZiwaniTech: Mbona Compaq walitengeneza mashine inayoendana na IBM na wakatajirika?

Nyakahoja_PC: Kwa sababu hawakunakili. IBM walichapisha msimbo wa BIOS yao, yaani programu ya kuwashia kompyuta, kwenye kitabu cha ufundi, kila mtu akaiona, na hapo ndipo palipokuwa na mtego: aliyeisoma hafai kuandika ya kwake. Compaq wakagawa watu. Kundi moja lilisoma na kueleza BIOS inafanya nini; kundi jingine, ambalo halijawahi kuuona msimbo wa IBM, likaandika upya kwa kufuata maelezo hayo. Kampuni ya Franklin ilichukua njia ya mkato kwa kuiga Apple II, kompyuta ya Apple. Ndani ya programu zao likakutwa neno "Applesoft" na jina la mwandishi wa programu wa Apple! Wakajitetea kwamba programu ya mfumo, tena iliyochomwa kwenye ROM (chipu isiyofutika), hailindwi na hakimiliki. Mahakama ya rufaa ikakataa Agosti 1983, na mwaka uliofuata wakamaliza kwa kuilipa Apple dola milioni 2.5.

Mwanasheria_Capripoint: Hukumu za Marekani haziwafungi majaji wetu, ila usijifiche hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inataja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi ya Mmarekani inalindwa hapa kama ya Msukuma. Kutokubandika nembo kunakuepusha na kesi ya bidhaa bandia tu. Nakala inabaki nakala. Na risiti yenye jina lako ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba umefanya biashara.

Nyakahoja_PC: Kuhusu Windows: usihamishe diski. Ukinakili bila kupitisha sysprep /generalize, amri ya Windows inayofuta utambulisho wa mashine, mashine zote zinabeba jina na kitambulisho kimoja, na kwenye mtandao wa ofisi ni vurugu. Halafu ukimwaga Windows Pro kwenye mashine yenye ufunguo wa leseni ya Windows Home, leseni haikubali. Desktop za kizazi hicho zilizotoka kiwandani na Windows zina ufunguo ndani ya ubao mama, hivyo piga moja moja kwa flashi yenye faili halisi za Microsoft. Ufunguo unasomwa wenyewe. Ukimaliza andika amri slmgr /dli uone aina ya leseni. Ukiona OEM_DM (leseni ya kiwandani), uko salama. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT (leseni ya jumla ya taasisi) na mteja si taasisi yenye mkataba, hiyo imekrekiwa, na uhai wake ni siku 180 mpaka ihuishwe tena. Ukibadilisha ubao mama, leseni ya OEM imekufa nao.

ZiwaniTech: Na studio je? Maktaba za Final Cut hazifunguki nje ya Mac. Wanunue Mac mini ya M1 iliyotumika, moja au mbili kwa kazi za zamani, hizo nyingine ziwe Windows 11 na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Usiwawekee Resolve ya bure kwenye Linux: haifungui video za muundo wa H.264, na kamera nyingi zinatoa hiyohiyo, kwa hiyo kila faili litageuzwa kwanza na diski ya GB 512 itajaa upesi. Tena Resolve inategemea kadi ya picha. Desktop zako ni mnara au zile nyembamba?

Fundi_Makoroboi: Nyembamba, mkuu.

ZiwaniTech: Basi pawasapulai haina waya wa ziada wa kadi. Tafuta kadi ya GTX 1650 ya kimo kifupi (low profile) isiyo na tundu la umeme. Inakula wati 75 za kwenye sloti tu. Pima kimo cha kasha kabla hujalipa.