Peugeot 504 ya marehemu baba, imelala tangu 2012: tuiwashe Jumamosi au tungoje?

Binti wa Njoro

Hamjambo. Nina Peugeot 504 ya marehemu baba, iko hapa Njoro nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati. Ni saluni nyeupe, namba yake ni ya zamani, kabla ya zile zinazoanza na KAA. Baba aliiegesha mwenyewe Novemba 2012, akavuta breki ya mkono, akasema ataishughulikia baada ya Krismasi. Krismasi ile ilimkuta hospitalini na hakurudi nyumbani.

Hali yake ni hii. Tairi zote nne zimelala chapa. Ukifungua kofia ya tangi unapigwa na harufu ya vanishi, si ya petroli. Pedali ya klachi ukiikanyaga inaenda na hairudi. Panya wamekula waya kadhaa chini ya dashibodi. Dirisha moja la nyuma halikupandishwa hadi juu, basi kuku wa mama wamekifanya kiti cha nyuma chumba cha kutagia, na nakiri tumekula mayai ya Peugeot miaka mingi. Kutu ipo lakini si ya kutisha, maana huku ni baridi na kukavu.

Binamu yangu anakuja Jumamosi na betri mpya na jerikeni ya petroli. Mpango wake ni kumimina petroli mpya juu ya ile ya zamani, kufunga betri na kupiga stata. Ikigoma, tuifunge kamba kwenye pikapu yake tuivute ikiwa gia ya pili. Anasema injini ya Pijo haifi. Mimi nafundisha hesabu, sijui lolote la injini, lakini roho yangu imekataa. Mama naye anataka kitu kimoja tu: apelekwe kanisani Elburgon na gari hilo mara moja, akiwa amekaa mbele alikokuwa akikaa.

Kwenye kisanduku cha mbele nimekuta daftari la baba. Aliandika kila kitu humo, tarehe, kilomita, oili, plagi, hata bei ya balbu. Kuna mtu anaweza kunishauri kabla ya Jumamosi?

Boda wa Kaptembwa

Binamu yuko sawa kabisa. Hizo gari ni za chuma cha zamani. Toa kabureta, puliza na kompresa, rudisha, vuta. Mjomba wangu aliamsha Datsun 1200 iliyokaa miaka tisa kwa njia hiyo hiyo, na mpaka leo inabeba kabichi.

Mzee Spana, Kisumu

Mwalimu, mwambie binamu yako aje Jumamosi, ila betri aiache kwake na kamba pia. Aje na jeki mbili, spana na beseni.

Nimeshika Peugeot 404 na 504 tangu nikiwa kijana wa kushika taa, enzi ambazo ukipanda gari la abiria kutoka Kisumu kwenda Nakuru ulikuwa unapanda Pijo, watu wamebanwa hadi kwenye buti. Tulizipenda kwa haki. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975, na kabla yake 404 ilikuwa imeshinda mara nne. Lakini huyo aliyesema injini hii haifi hajawahi kuifungua. Inakufa, na mara nyingi inauawa siku ya kuamshwa, si siku ilipolala.

Sikiliza ilivyoundwa. Bloku, yaani mwili wa injini, ni ya chuma, kichwa kinachoifunika juu ni cha aluminiamu, na pistoni hazitembei ndani ya bloku yenyewe. Zinatembea ndani ya slivu nne, mirija ya chuma inayochomekwa, na maji ya radieta yanazigusa slivu hizo moja kwa moja kwa nje. Kinachozuia maji yasishuke kwenye oili ni sili nyembamba chini ya kila slivu. Huku kwetu watu wengi hutia maji ya bomba tupu, bila dawa ya kuzuia kutu. Maji tupu, chuma na aluminiamu, vikae pamoja miaka kumi na zaidi, unajua vitakuwa vimefanyana nini. Sili ikichoka, maji yanateremka polepole hadi kwenye sampu, na huko ndiko oili ilipo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yanakaa chini kabisa, pale pampu ya oili inapovutia. Piga stata sasa: kitu cha kwanza kufika kwenye beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni maji. Na kama gasketi ya kichwa nayo imepitisha, maji yakajaa juu ya pistoni, hapo ni balaa, kwa sababu maji hayabanwi. Pistoni inapanda, inakuta ukuta, na konrodi, fimbo inayoiunga pistoni na krenki, inapinda. Kuvuta kwa gia ya pili ni kubaya kuliko stata, kwa sababu stata dhaifu ingekwama tu, lakini pikapu haina huruma.

Kwa hiyo swali langu la kwanza si la petroli wala betri. Fungua daftari la mzee, kurasa za mwisho, uniambie ameandika nini kuhusu maji.

Ukiwa unatafuta, nikuambie na la breki, maana hilo limenikaa moyoni. Mwaka 1994 niliamsha 404 ya mteja iliyolala miaka sita. Iliwaka kwa mara ya pili tu, ikanguruma kama simba aliyeshiba, nami nikajiona bwana. Nikaipeleka hadi Kiboswa kuonyesha watu. Kurudi, mteremko wa Riat, nakanyaga breki, pedali ikaenda hadi sakafuni kama inakanyaga ugali. Nikarusha gia ya tatu, ya pili, honi, na mwisho nikaingia ua wa mkonge wa mtu karibu na Mamboleo. Hakufa mtu. Mwenye ua bado tunasalimiana, na kila mara ananiuliza, "Fundi, leo umekuja na breki?" Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka, silinda zinaota kutu ndani, na raba zinavimba au kupasuka. Tangu siku hiyo sianzi na injini. Gari lisiloweza kusimama sina haraka ya kulifanya liende.

Basi Jumamosi fanyeni haya. Kwanza wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha legezeni breki ya mkono. Ikiwa imegandia kwa kutu, msivute gari kwa nguvu, inueni gurudumu na kugonga taratibu. Petroli yote ya zamani itolewe tangini, yote, wala msichanganye hata kikombe. Ile imegeuka gundi, itaziba jeti, vitundu vya petroli ndani ya kabureta, na kuvunja pampu. Plagi nne zitolewe, kila tundu litiwe vijiko viwili vya oili nyembamba iliyochanganywa na dizeli kidogo, kisha vitambaa juu ya matundu na muache hivyo siku kadhaa. Msizungushe kitu bado.

Halafu oili. Beseni chini, legeza nati ya sampu kwa mkono, polepole sana, na uangalie kinachotoka kwanza. Usimimine tu na kutupa. Angalia.

Tairi mnunue mpya hata kama zinaonekana nzuri. Ubavuni kuna namba nne, wiki na mwaka. Ikisomeka 3509, ni wiki ya 35 ya mwaka 2009, na raba hiyo imeshazeeka hata kama haijatembea.

Kijana wa Kaptembwa, kabichi za mjomba wako Mungu azibariki.

Karani wa Section 58

La kando kidogo. Logibuku ikiwa bado ina jina la marehemu, hata gari likiwaka mtakwama barabarani na kwenye bima. Anzeni mirathi mahakamani sasa, wakati fundi anafungua sampu. Karatasi zinachukua muda mrefu kuliko kutu.

Binti wa Njoro

Mzee Spana, asante sana. Nimekaa na daftari jana usiku, na nimelia kidogo, lakini hilo si la hapa.

Baba aliandika oili "20/50, lita 4" kila kilomita 5,000, kama saa. Kuhusu maji, hadi Juni 2012 hakuna neno. Kisha inaanza: "Maji, nusu lita." Wiki inayofuata, "Maji, nusu lita." Nimehesabu, Jumapili kumi na saba mfululizo. Mahali pamoja ameongeza, "Radieta haivuji. Nimekagua mara mbili. Yanakwenda wapi?" Ukurasa wa mwisho kuna orodha ya vitu vya kununua baada ya Krismasi, na cha kwanza ni "gasketi".

Nimemsomea binamu haya kwenye simu. Amenyamaza, akasema atakuja na beseni.

Mzee Spana, Kisumu

Baba yako alijua. Alikuwa hajajua ni wapi tu. Maji yasiyovuja nje yanavuja ndani, hakuna njia ya tatu.

Dereva wa Molo

Mimi si fundi lakini nimeendesha 504 pikapu miaka minane. Mkifika kwenye kabureta, msikubali mtu awauzie iliyotoka kwa gari la Kisumu bila kuirekebisha. Kisumu ni mita 1,130 hivi, Njoro ni zaidi ya 2,100. Hewa huku ni nyembamba, jeti ya huko itatia petroli nyingi mno, moshi mweusi, plagi zitajaa masizi. Nililipia ujinga huo mwaka mzima.

Mzee Spana, Kisumu

Kweli kabisa. Sisi wa ziwani tunajidai, lakini hewa ni yenu.

Binti wa Njoro

Ripoti ya Jumamosi. Breki ya mkono iliachia baada ya kugongwa nusu saa. Tangini zilitoka lita kama kumi na moja za kitu cha rangi ya soda ya chungwa. Plagi tatu zilitoka kwa urahisi, ya tatu kutoka mbele ikatusumbua, na ilipotoka ilikuwa na kutu kwenye uzi.

Kisha nati ya sampu. Binamu akalegeza, mimi nimeshika tochi. Hakikutoka oili. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakaendelea, yakaendelea. Nimeyapima kwa kikombe cha uji cha mama: vikombe viwili na robo. Ndipo oili nyeusi ikaanza kufuata, polepole. Binamu alikaa chini kwenye nyasi, akasema, "Na mimi ningelivuta." Hakuna aliyemjibu.

Sasa tufanye nini?

Mzee Spana, Kisumu

Sasa mmeiokoa. Mna kazi, lakini ni kazi ya pesa na subira, si ya mazishi.

Kichwa lazima kitoke. Tafuteni fundi wa Nakuru aliyewahi kufungua Pijo, wapo bado, wengi mvi zimewajaa. Muulize swali moja: "Utakitoaje kichwa?" Akisema atakinyanyua moja kwa moja, mshukuru umwage chai yake. Kichwa cha 504 hugandana na slivu. Ukikivuta juu, slivu zinapanda nacho na sili za chini zinaharibika zote. Anatakiwa alegeze boliti kwa mpangilio, kisha akizungushe kichwa kidogo kwa pembeni, kushoto na kulia, hadi kiachane na slivu, ndipo kiinuliwe. Na kikishatoka, asizungushe krenki hata robo kabla ya kuzibana slivu kwa boliti na washa, vile vyuma vya duara vya kuwekwa chini ya boliti. Kwa injini yenu slivu zitatoka zote kwa vyovyote, lakini ni vizuri kujua kama anajua.

Abadilishe sili za chini, gasketi ya kichwa, apime kama kichwa kimepinda, na aangalie slivu zinasimama juu ya bloku kidogo na kwa usawa, la sivyo gasketi mpya haitabana. Sampu ishuke, beringi zikaguliwe. Mkirudisha maji, yawe na dawa ya kutu. Masta silinda, ile inayosukumwa na pedali ya breki, na hozi zote za breki ziwe mpya, hilo sijadili. Silinda ya klachi vivyo hivyo.

Vipuri mtapata Nairobi, Kirinyaga Road, pale watu wanapoita Grogan. Lakini kabla hujatuma hela, soma bamba la injini. Kuna XM7, ya cc 1796, tundu la silinda milimita 84, na kuna XN1, ya cc 1971, milimita 88. Ukiwaambia "504" tu watakutumia chochote kilicho karibu na mkono.

Hilo la kanisani Elburgon, usimpe mama tarehe bado.

Binti wa Njoro

Nimepangusa bamba kwa kitambaa chenye dizeli. Ni XN1. Fundi nimepata mmoja huku Industrial Area ya Nakuru, mzee wa miaka sabini hivi. Nilipomuuliza swali lako alicheka, akazungusha mikono hewani kama anafungua chupa ya asali iliyoganda. Anaanza Jumatatu ijayo.

Mama hajauliza tarehe. Ameuliza kama kuku wanaweza kurudi kwa sasa, maana tangu Jumamosi wametaga kila mahali.

Mzee Spana, Kisumu

Warudi. Kiti cha nyuma tu. Mbele kuna kazi.