Tupeane uzoefu: wadau wa Sauzi, stesheni gani ilikufa huku unaitegemea?

Msafiri wa Jeppe: Wakuu, jana nimemsindikiza mgeni Park Station, nikaona treni mpya ya bluu imesimama, nikaikumbuka stesheni yangu ya Jeppe, hapahapa Jozi, Johannesburg. Treni zilisimama na lokidauni, usiku wa Machi 26, 2020. Tulipokuja kuruhusiwa kutoka nje, stesheni haina paa, haina dirisha la tiketi, chooni hata vigae hakuna. Tiketi yangu ya mwezi ilikuwa bado na siku zake, ninayo kwenye pochi mpaka leo. Wewe ilikuwa stesheni gani?

Fundi Vigae: Na wezi walivibandua vizima vizima. Mimi mwenye fani siwezi.

Mtu wa Cape: Nyie wa Jozi mnalia na lokidauni. Huku Cape Town njia ya treni ya Langa, Nyanga, Philippi mpaka Khayelitsha ilisimama 2019, korona hata jina hatujalisikia. Halafu lokidauni ikaja, watu wakajenga vibanda juu ya reli yenyewe. Philippi niliona mama mlango wake uko katikati ya mataruma, anafagia asubuhi kama kwake. Na ni kwake kweli. Treni ingepita wapi?

Wa Lubum: Miye nilikuwaka naikala Yeoville, kazi iko Germiston. Gare, stesheni ya treni, ikakufa, ni taxi-bus mbili ya kwenda, mbili ya kurudia. Feza yote inaishia mu njia.

Mama Chapati: Mimi nilikuwa nauza ndani ya treni ya Naledi, Soweto, alfajiri, behewa la wahubiri. Wakianza kupiga kuta za behewa kwa viganja, watu wanaimba, chapati zinaisha kabla hatujafika stesheni ya New Canada. Teksini, hizi daladala za huku, nani ataniruhusu niinuke na ndoo?

Kinyozi wa Kliptown: Niliapa hii habari siiandiki. Nilikuwa na kibanda cha kunyoa Kliptown, Soweto, upande wa ule uwanja wa Walter Sisulu, chumba changu kiko ng'ambo ya reli. Daraja la miguu lipo, ila usiku kulikuwa na vijana wanakuomba simu kwa heshima zote, kisu mkononi. Kwa hiyo Juni 2021, baridi ile inayokata masikio, nikakatisha stesheni. Zamani napita pale macho nimefumba: unashika bomba, unashuka ngazi, unakunja kushoto kwa mama wa magwinya, maandazi yao yale.

Nikashika bomba, bomba hakuna. Nikashusha mguu, ngazi hakuna. Nikaingia kwenye mtaro ambao mfuniko wake wa chuma nao ulishauzwa. Mguu ukalia ka! kama muwa. Simu ikaruka, naiona inawaka mbele yangu, siifikii, na anayepiga ni mama kutoka Tanga. Inaita, inazima, inaita.

Baadaye sana nikasikia nyundo. Ngo, ngo, ngo. Watu wanne wanabomoa ukuta, tofali moja moja, wanakwangua saruji taratibu. Nikanyamaza. Baridi ikanishinda, nikaita. Tochi ya uso. Mmoja akaniuliza kwa Kizulu mimi wa wapi, nikajua leo ndiyo leo. Nikasema Tanzania. Kumbe mwanawe nilimnyoa mimi siku anaanza shule. Wakashusha tofali kutoka kwenye toroli la supamaketi, wakanipakia juu ya nyaya za shaba, wakanisukuma mpaka barabarani na kunisimamishia gari. Simu wakanipa. Alama za nyaya ziko mgongoni.

Fundi Vigae: Mguu nimeamini, toroli nimeamini. Simu wakakupa?

Kinyozi wa Kliptown: Na ilikuwa imebaki asilimia nne.

Mbeba Boksi Mstaafu: Msiwapambe hao. Wamekung'olea ngazi, umevunjika, halafu wamekupa lifti, leo unawashukuru!

Kinyozi wa Kliptown: Mzee wangu, najua. Ila waliokuwa wanalipwa kulinda hiyo ngazi mimi sikuwaona usiku ule.

Mbeba Boksi Mstaafu: Na hiyo shaba nani alikuwa ananunua? Tusidanganyane, kuna Wabongo humu wana mizani nyuma ya nyumba.

Mtu wa Cape: Taja.

Mbeba Boksi Mstaafu: Sitaji, ananidai.

Mama Chapati: 😂😂 Kinyozi pole mwanangu. Mama alipokea simu?

Kinyozi wa Kliptown: Nilimpigia asubuhi, nikamwambia nimelala mapema.

Fundi Vigae: Ushauri kwa wageni: stesheni iliyokufa usikaribie majengo, tembea katikati ya reli.

Mama Chapati: Usiwaue watoto wa watu! Njia ya Naledi treni zimerudi, na nyaya za juu zina umeme, volti 3,000. Pandeni teksi.

Wa Lubum: Taxi utalipa weye mama?

Mtu wa Cape: Bora utembee na mtu aliyenyolewa na Kinyozi.

Msafiri wa Jeppe: Uzi wangu umeshatekwa na toroli. Jamani, na hii tiketi yangu ya mwezi, siku zilizobaki nadai wapi?

Fundi Vigae: Nenda Jeppe kagonge dirishani.

Msafiri wa Jeppe: Dirisha lipi sasa?